Sura ya Pembe na Masanduku ya Madame Roza

Vijana wa atelye ya useremala, ninyi mnaoniita Papa Deo na kunipa kiti kila nikipita hapa Nyawera, leo sitasema juu ya meza wala vitanda. Meza kila mtu anaiona na kuisifu. Nataka kusema juu ya masanduku. Hiyo ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekukumbuka: watu wanafungua, wanatoa kitu chao kikiwa kizima, halafu mbao zako wanazipeleka jikoni kuchemshia maharagwe. Mimi niliifanya maisha yangu yote, na niliipenda.

Siku hizi mna sponji, mna skochi ya kubandika, mna ile karatasi ya mapovu mnayoipasua kwa vidole mpaka wateja wanakasirika. Sisi tulikuwa na maranda, yale maganda membamba yanayotoka unapopiga randa. Lazima yakauke juani mpaka ukiyafinya yalie mkononi. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Kioo kikubwa cha bwana mmoja wa kahawa, upande wa Katana, nilikifungia katika maranda mabichi ya mkaratusi kwa sababu yalinukia vizuri. Nilidhani namwongezea zawadi. Kioo hakikuvunjika. Lakini ukungu uliota nyuma yake yote, na ukijitazama ulijiona una madoa kama chui. Yule bwana hakunigombeza. Aliniambia tu, "Deo, sasa mke wangu anaogopa kujiangalia."

Aliyenifundisha kazi, Papa Wakilongo, alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa Mulega wa Mwenga, mfupi, mabega mapana, mtu wa kuweka misumari mdomoni na kuongea nayo humo humo. Kila msumari aliuchovya kwanza kwenye sabuni ili mbao isipasuke. Na sanduku likishafungwa, alilikumbatia akalitikisa polepole, sikio juu ya kifuniko, kama daktari anayesikiliza kifua. Kitu kikisema neno lolote mle ndani, tulifungua tukaanza upya.

"Sanduku lisiseme," aliniambia. "Likisema hapa Bukavu, kule Usumbura litalia."

Mjane wa Kiingereza, Madame Roza, alituita nyumbani kwake Ibanda katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Nyumba yake ilikuwa kwenye rasi, bustani ikishuka mpaka majini. Mumewe alikuwa injinia wa machimbo ya dhahabu, na wakati wote wa kazi yake alikusanya vitu: viti vya wazee, ngoma, mikuki, vikapu. Alikufa hapa hapa Bukavu na akazikwa hapa. Sasa Madame alikuwa anarudi kwao, na kila kitu ndani ya ile nyumba kilitakiwa kuingia kwenye masanduku kabla kamyo, lori la kushuka Usumbura, Bujumbura ya leo, haijafika.

Tulifanyia kazi barazani. Madame hakukaa mbali kama wazungu wengine. Aliishi Kenya zamani na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka kama kamba iliyovutwa, na alipenda kusema. Saa ya chai alileta kitabu kikubwa chenye picha za rangi, akakifungua juu ya benchi letu la kazi, akituonyesha hazina ya picha za wafalme wa Uingereza na jinsi ilivyokusanywa. Mimi shule yangu iliishia kwa masista, nikijua kusoma na kuhesabu na kuimba. Lakini kichwa changu kilikuwa chepesi kupaa. Nikiona picha moja tu, siku nzima naishi ndani yake.

Alitusimulia juu ya mfalme mmoja aliyependa picha kuliko kula. Huko Italia kulikuwa na ukoo wa mabwana wakubwa uliokuwa unaanguka, basi yeye akatuma watu wakanunua picha zao, nyumba nzima. Zikapakiwa melini. Ndani ya meli ile ile, alisema Madame, walikuwa wamepakia zabibu kavu na zebaki, ile dawa nzito inayokimbia mezani kama maji ya fedha. Zebaki ikamwagika, ikachanganyika na zabibu zile, na hewa yake ikapanda juu ya picha. Zilipofika, nyingine zilikuwa nyeusi.

Papa Wakilongo alitoa misumari mdomoni.

"Madame, nani aliweka zabibu pamoja na picha?"

"Sijui, Wakilongo. Watu wa meli."

"Huyo mufalme alikuwa na feza mingi, lakini hakukuwa na fundi wa masanduku."

Madame alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Toka siku hiyo wakawa kama marafiki, na ndiyo maana kilichofuata kilikuwa kigumu.

Siku moja alileta kitu kilichofungwa ndani ya soksi ya mumewe. Akakitoa. Ilikuwa sura ya mtu iliyochongwa kwa pembe ya tembo, ndogo, inayojaa kiganja tu. Macho yake yalikuwa mistari miwili, chini yake nukta zimetobolewa, na kwenye kidevu palikuwa na pengo dogo. Ilikuwa imefifia, rangi ya mfupa wa sokoni.

"Hii ni ya pekee," Madame alisema. "Mume wangu alipenda hii kuliko zote. Alitaka ifike kwa malkia wetu. Wafalme wetu hawakununua vyote, Deo. Vingine walipewa. Watu wa kawaida kama mimi walipeleka zawadi, na zawadi zikakaa palepale na picha za wakubwa. Hilo ndilo nimebakiza kumfanyia mume wangu."

Mnaona jinsi kichwa changu kilivyokuwa? Sikuona sura. Niliona sanduku langu. Niliona mbao nilizozipiga randa mimi zikipita mlango wa nyumba ya malkia, na malkia mwenyewe, kijana, akishika kifuniko na kuuliza nani huyu anayejua kazi hivi. Usiku ule nilimwambia mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwoa karibuni, kwamba misumari yangu inakwenda Ulaya. Akaniuliza kama itarudi na kitenge.

Nilipoamka nilikuwa tayari na mpango. Nilichagua kipande cha mninga, nikachonga shimo la kufuata uso ule kabisa, paji, pua, kidevu. Nilitandika ndani kitambaa laini. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamwita Papa Wakilongo aone.

Hakutazama shimo. Alichukua sura, akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo la kidevuni, akarudia, akarudia tena.

"Deo. Hii iko ya baba yangu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza taratibu, akiwa amekaa juu ya gogo, kwamba kwao wazee wana umoja wao, na mtu akipanda ngazi za umoja huo anapewa kitu kama hiki. Si chake cha kuuza. Akifa, mtu mmoja wa ukoo anakitunza mpaka apatikane mwingine anayestahili. Baba yake alipokufa, kaka yake mkubwa ndiye aliyetunza. Halafu serikali ikakataza umoja ule. Karani mmoja akapita vijijini akisema kila mwenye vitu vya wazee avitoe. Kaka akatoa kwa hofu, na kwa hofu hiyo hiyo akafa.

Madame alipotoka na birika, Papa Wakilongo alisimama.

"Madame, hii sura iko ya kwetu. Ya baba yangu mwenye alinizaa. Nakuomba uniachie."

Madame aliweka birika chini. "Wakilongo, mume wangu aliinunua. Hakuiba."

"Sikusema aliiba."

"Basi."

"Mwenye alimuuzishia hakukuwa mwenyewe."

Hakuna aliyepandisha sauti. Madame aliingia ndani. Sisi tukaendelea kufunga sahani. Mimi nilikuwa na hasira kidogo na Papa Wakilongo; nilikuwa naona mlango wa malkia unafungwa mbele ya pua yangu. Nikamwambia, "Papa, sura moja tu. Kwenu hamukosi zingine."

"Wewe uko na baba wangapi?" akaniuliza.

Siku zilizofuata alifanya jambo ambalo nataka mlishike, vijana, kwa sababu wengi wenu mkikataliwa mara moja mnatupa nyundo. Hakugoma. Hakununa. Alifunga viti, alifunga ngoma, alifunga vikombe vyembamba ambavyo ukivipumulia vinalia, kwa uangalifu ule ule. Lakini kila asubuhi alichukua sura kutoka kwenye rundo la kufungwa, akaiweka peke yake juu ya meza ya baraza, na akamwambia Madame, "Bonjour, Madame. Ile yetu bado naiomba." Na kila jioni Madame aliirudisha kwenye rundo. Hawakugombana hata mara moja. Ilikuwa kama watu wawili wanaogeuza mkeka mmoja, huyu anataka upande huu, yule upande ule.

Chai haikukoma, na kitabu hakikukoma. Nadhani Madame alisimulia ili ukimya usikae. Siku moja akafika mwisho wa mfalme yule mpenda picha. Watu wake walimwasi, wakamkata kichwa, na picha zake zikauzwa kama vitu vya mnada. Mafundi waliomfanyia kazi bila kulipwa wakapewa picha badala ya mshahara. Fundi wa bomba wa nyumba ya mfalme, alisema, alikwenda nyumbani na picha kubwa ya mchoraji wa Italia.

"Aliitundika wapi?" niliuliza.

"Sijui. Labda juu ya kitanda."

"Na kiisha?" Papa Wakilongo aliuliza.

"Kisha miaka ikapita, mtoto wa mfalme akarudi kutawala. Akatangaza kwamba kila mwenye kitu cha baba yake akirudishe."

Nyundo ya Papa Wakilongo ilikuwa juu. Aliiteremsha bila kupiga.

"Benye balinunua, balirudishiwa feza yabo?"

"Wengi hapana."

"Na balirudisha?"

"Wengi walirudisha."

"Juu ya nini?"

Madame alifunga kitabu. Alijua amefika wapi, na hakuwa mtu wa kukimbia. "Kwa sababu ilikuwa ya baba yake," alisema. Halafu uso ukawa mwekundu. "Lakini yule alikuwa mfalme, Wakilongo. Alikuwa na askari. Wewe una nini?"

"Niko na nyundo," akajibu, akaendelea kupigilia.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Madame naye mdomo ulitikisika, lakini jioni aliirudisha sura kwenye rundo.

Kamyo ilikuwa inakaribia. Papa Wakilongo alituma habari Mwenga kwa dereva wa machimbo, na dada yake mkubwa akaja. Maman Nyota alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya chini, aliyeketi kiti cha mbele cha kamyo ya machimbo safari nzima akiwa na kuku mapajani na chupa ya mafuta kifuani. Nilitegemea atalia, au atadai. Alipofika barazani kwa Madame, akaweka kuku miguuni pake.

"Madame, asante ya kuchunga," alisema.

Madame alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kujua.

Papa Wakilongo akaeleza: kwao, kitu kikirudi kutoka kwa aliyekitunza, ndugu hawafiki mikono mitupu. Wanamshukuru mtunzaji. Hata kama hakujua kwamba anatunza.

"Sijasema narudisha," Madame alisema.

"Najua," Maman Nyota akajibu. "Ata hivyo ulichunga. Nilikuya kuangalia."

Akaomba sura. Madame alisita, kisha akampa. Maman Nyota alipoona lile pengo la kidevuni, alicheka cheko la mtoto. "Njo mimi nilivunja hapa. Nilikuwa kadogo, mama alinipatia kikapu cha baba nibebe, hii iko ndani, nikajikwaa na kuanguka nayo juu ya jiwe ya kusagia. Nilipigwa mpaka nikasahau jina yangu." Akafungua chupa, akamwaga mafuta kidogo kiganjani, akaanza kuisugua ile sura kwa kidole gumba, taratibu, akiimba chini chini kwa kilugha chao.

Vijana, mimi nimepaka vanishi maisha yangu yote, na sijawahi kuona kitu kama kile. Ule mfupa wa sokoni ulianza kupata rangi ya asali. Macho yale ya mistari yakapata kivuli. Nukta zikajaa mafuta zikang'aa. Nilitazama shimo langu zuri la mninga, lenye kitambaa laini, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nimechonga mahali pa kitu kukaa bila kuguswa na mtu. Ndoto yangu ya mlango wa malkia ilitoka hapo hapo, bila kelele, na sikuikimbilia.

"Uliikausha sana," Maman Nyota alimwambia Madame, si kwa ukali. "Lakini hukuosha na sabuni. Bengine banaosha na sabuni. Bwana yako iko wapi?"

"Amekufa. Amezikwa juu kule."

"Najua alikufa. Nauliza iko wapi, tuende tumushukuru naye. Alichunga kupita wewe."

Wakaenda, wanawake wawili, Madame na kofia yake ya majani na Maman Nyota na chupa yake. Sisi hatukuwafuata, kwa hiyo waliyosema kaburini siyajui na sitawabunia. Waliporudi Madame alikuwa na mafuta kwenye vidole. Aliingia chumbani na sura, akafunga mlango. Maman Nyota alikula ugali kwetu mtaani Kadutu, akalala, asubuhi akapanda gari la kurudi Mwenga mikono mitupu. Nilimwuliza Papa Wakilongo, "Sasa?" Akasema, "Sasa tunafunga masanduku."

Kamyo ilifika kabla jua halijapanda juu ya mikaratusi. Tulipakia yote. Kila sanduku Papa Wakilongo alilitikisa na kulisikiliza kwa mara ya mwisho, na hakuna lililosema. Lilibaki lile dogo la mninga, wazi, shimo tupu. Dereva alikuwa na haraka. Mteremko wa Ngomo hapendi kuushuka kwenye jua kali, breki zinachoka. Akapiga honi. Akapiga tena.

Papa Wakilongo alisimama chini ya ngazi za baraza.

"Bonjour, Madame. Ile yetu bado naiomba."

Madame alitoka na soksi ya mumewe mkononi. Dereva alipomwona akaacha honi. Madame akashuka ngazi.

"Chukua upesi," alisema, "kabla sijaanza tena kufikiri kama mfalme."

Papa Wakilongo alivua kofia, akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa. Aliiweka ndani ya shati, kwenye ngozi, akafunga vifungo mpaka shingoni. Halafu, badala ya kushika njia ya kwenda Kadutu kumwambia mkewe, au kutafuta gari la Mwenga kabla Madame hajabadili mawazo, alizunguka kamyo. Akakaza kamba moja, akakaza ya pili. Akanyanyua turubai, akasogeza sanduku la vikombe mbali na gurudumu la akiba.

"Papa, unafanya nini?" nikamwuliza. "Si umepata?"

"Huyu dereva anapitaka mbio mu kona za Ngomo. Vikombe vya Madame vitakufa."

Madame alimwambia si lazima, kazi yake imekwisha. Papa Wakilongo alikuwa ameshapanda. Alikaa juu ya masanduku, mgongo kwenye ngoma, mguu mmoja ukizuia vikombe, mkono mmoja juu ya kifua. Mwenga ilikuwa upande mwingine kabisa wa dunia. Kamyo ikageuka kwenye lango ikashika barabara ya Kamanyola, ya kushuka Usumbura, na tulimsikia akimpigia dereva kelele kutoka juu kabla hata hawajapita kona ya kwanza:

"Polepole, wewe. Tuko na vitu vya watu."